Dawa ya Homa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ubaya wa kazi hii ni kwamba haikomi kengele ya jioni inapolia. Natoka shuleni hapa Kitale, napita sokoni, naona kibao kimeandikwa "Hapa kuna mayai kubwa ya kienyeji", na badala ya kununua mayai nasimama nikisahihisha kibao. Mayai makubwa. Nimewahi kumrudishia mtu kadi ya mwaliko wa harusi ikiwa na alama za kalamu nyekundu. Wanafunzi huniogopa, na sitajisingizia upole: nilipenda waniogope.

Mama ndiye mtu pekee ambaye hakuniogopa hata kidogo. Aliishi nyumbani kwetu Sirisia pamoja na mdogo wangu wa kike, ambaye aliachia masomo kidato cha pili na hajawahi kuona hasara yake. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni na cha kanisani. Mgongo wake ulikuwa "hii mgongo", na kulala kulikuwa kurara. Nilikuwa nikimsahihisha tangu nitoke chuoni, na yeye alikuwa ananisikiliza hadi mwisho, kisha anasema vilevile alivyosema mwanzo.

Neno tulilogombania zaidi ni homa. Kwa mama kila kitu kilikuwa homa. Pua ikitiririka, homa. Kichwa kikigonga, homa. Vumbi la mahindi wakati wa kupukuchua likimwingia kifuani, homa. Baba alipofariki, mama alikaa ndani wiki tatu akatuambia ana homa, na hapo hata mimi sikumsahihisha. Lakini siku za kawaida nilikuwa simwachi.

"Mama, hiyo si homa. Homa ni joto la mwili kupanda. Hiyo ni mafua."

"Mafua ni ya kuku," alikuwa ananijibu. "Mimi niko na homa."

Na kwa homa alikuwa na dawa yake. Vidonge vyeupe vya dukani, vya kwenye karatasi inayong'aa. Viwili na chai ya asubuhi, viwili kabla ya kulala, mwaka nenda mwaka rudi, hata pua ikiwa kavu. Ilikuwa ya kuzuia isije, alisema. Karatasi zake hakuzitupa. Alizitia katika kopo la majani ya chai, na mtama ulipokomaa alizifunga kwenye vijiti shambani ziwafukuze ndege. Vidonge vyenyewe hakuna aliyeviona kama dawa hasa. Hata kwa mama mwenyewe, dawa ilikuwa kitu kinachotoka hospitali.

Tena niseme jambo moja hapa, kwa sababu ndilo lililotumaliza. Mama hakuwahi kuviita vidonge vile dawa za maumivu. Maumivu kwake lilikuwa neno la Ijumaa Kuu. Yesu alipata maumivu. Mtu wa kawaida aliumwa na mgongo, akaumwa na jino, akaenda zake.

Mwaka ule mvua ya Agosti ilinyesha bila kupumua. Asubuhi moja mama alikuwa anapeleka maji kwa ng'ombe, akateleza kwenye njia ya boma, akaketi chini kwa kishindo na ndoo mkononi. Mdogo wangu alinipigia simu akilia. Niliomba ruhusa shuleni, nikaenda Sirisia, tukamlaza mama kiti cha nyuma cha gari la kukodi, nikashuka naye Bungoma mjini hadi kwenye kliniki moja. Mdogo wangu alibaki nyumbani na ng'ombe. Picha ilionyesha mfupa mmoja wa mgongo umebonyea.

Daktari alikuwa kijana mpole, na nitamtetea mpaka kufa, kwa sababu aliuliza alichopaswa kuuliza. Aliuliza kama mama anakunywa pombe. Mama akasema pombe huiona matangani tu. Aliuliza kama amewahi kuugua ini. Kisha akauliza, "Mama, kuna dawa nyingine ya maumivu unatumia huko nyumbani?"

Mama alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Iko hii ya homa..." akaanza.

Nikamkatiza. "Mama, daktari ameuliza dawa ya maumivu. Habari ya homa hajaiuliza. Jibu swali uliloulizwa."

Hivyo ndivyo ninavyowaambia watoto wa kidato cha kwanza. Kisha nikamgeukia daktari nikicheka, mtu msomi kwa mtu msomi. "Hapana, hatumii. Na hiyo anayoiita homa ni mafua tu."

"Mafua ni ya kuku," mama akasema.

Daktari alicheka, nami nikacheka, na mama aliyekuwa amejipinda kwa uchungu kwenye kiti akacheka pia, akishika kiuno. Daktari akaandika. Swali likapita.

Alitueleza dawa vizuri. Kidonge ni kimoja lakini ndani yake mna dawa mbili zinazosaidiana, na moja kati ya hizo ni kali, itamletea usingizi na inaweza kumfunga choo, kwa hiyo anywe maji kwa wingi. Asizidishe. Asichanganye na dawa nyingine yoyote ya maumivu kabla ya kumuuliza. Akitapika, au akilala usingizi usio wa kawaida, arudishwe haraka. Nilitikisa kichwa kwa kila neno. Kwenye bahasha aliandika mbili mara tatu, akanieleza kwamba ni vidonge viwili asubuhi, viwili mchana na viwili jioni, na mgongo ukipoa apunguziwe.

Hayo maneno ya mwisho niliyasikia. Nilipofika Sirisia sikuyasema.

Nilichofanya ni kuchora jedwali. Mwalimu ni mwalimu. Nilichukua karatasi kubwa, nikapiga mistari kwa rula, asubuhi, mchana, jioni, siku kumi na nne, nikaibandika ukutani juu ya kitanda cha mama na kumkabidhi mdogo wangu kalamu. Kila akimpa, aweke alama. Nilimwambia asiruke hata mara moja.

"Sawa, mwalimu," mdogo wangu akasema, na mama akacheka tena kitandani. Nilirudi Kitale siku hiyohiyo kwa sababu nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Wiki ya kwanza habari zilikuwa njema. Mama mwenyewe alishika simu. "Hii dawa yako inanirarisha kama mtoto," aliniambia. Mgongo ulikuwa umetulia. Aliniuliza kama kwetu Kitale mahindi yameanza kukauka. Nilifurahi, na katika furaha yangu nilijisifu kidogo pale chumba cha walimu, kuhusu jedwali.

Wiki ya pili mdogo wangu alinipigia wakati wa mapumziko ya saa nne.

"Dada, mama hakuli. Uji ameurudisha wote. Anasema ati ana homa."

"Mama na homa yake! Dawa anakunywa?"

"Anakunywa. Lakini dada, si tupunguze kwanza hii ya hospitali? Analala sana. Na mgongo anasema haimuumi vile."

Nakumbuka nilikuwa nimesimama karibu na bendera, vitabu mkononi, kengele ikikaribia kulia. Nakumbuka hata hasira yangu ilivyopanda bila sababu ya maana. Hakuna kinachonikera kama mtu anayetaka kukatiza maagizo. "Wewe umekuwa daktari lini?" nikamwambia. "Dozi haikatizwi. Mpe kama ilivyoandikwa."

Dozi haikatizwi. Hiyo ni kanuni ya dawa za kuua vijidudu, za kifua kikuu, zile tulizofundishwa shuleni tumalize hata tukijisikia wazima. Dawa ya maumivu humezwa kwa sababu ya maumivu, na yakipungua nayo hupunguzwa. Daktari alikuwa ameniambia hivyo kwa kinywa chake. Nilichukua kanuni ya dawa moja nikaivisha nyingine, na kwa kuwa sauti yangu ni ya mwalimu, mdogo wangu alitii.

Na huku mama, kwa kujisikia vibaya, aliongeza yake. Homa ikizidi, dawa ya homa inazidishwa, ndivyo alivyojua siku zote. Akameza viwili adhuhuri pia. Akameza viwili alasiri. Mdogo wangu alimwona, lakini hakukuwa na mahali pa hizo kwenye jedwali langu. Zilikuwa mambo ya mama mwenyewe, kama ugoro wa bibi yetu ulivyokuwa wa bibi.

Siku mbili baadaye simu ililia nikiwa darasani, na mimi sipokei simu darasani. Ililia tena. Nilipotoka nje, mdogo wangu hakunisalimu.

"Macho ya mama imekuwa manjano," akasema. "Kama mafuta ya kupika. Na ananiita jina ya mtu mwingine."

Ukweli ni kwamba hata wakati huo, kabla ya kuogopa, sikio langu lilisikia kosa la sarufi. Yamekuwa. Jina la. Nalichukia sikio hili.

Tulikutana hospitalini Bungoma, yeye akitoka Sirisia na mama, mimi nikitoka Kitale. Mama alikuwa amelazwa, midomo imekauka, amekonda kuliko nilivyomwacha. Alinitazama akaniita mama. Nikamjibu, kwa sababu ningefanya nini kingine? Nesi alituomba kila kitu mgonjwa anachomeza. "Kila kitu," akarudia, "hata kama ni mitishamba, hata kama ni cha dukani." Mdogo wangu alikuwa amekuja na kikapu chenye dawa na lile kopo la mama. Kwa jinsi anavyoniogopa, alikuwa ameng'oa hata jedwali ukutani akalikunja vizuri, ili nione hakuruka. Alama zilikuwa zote, kwa mstari ulionyooka.

Nilimvuta kwenye baraza, na hapo ndipo nilipomfanyia ubaya. Nilimpigia kelele mbele ya watu waliokuwa wanangoja kuingia kuona wagonjwa wao. Nilimwambia alikuwa na kazi moja tu. Nilimwambia, "Umemuua mama." Mwanamke mmoja aliyekuwa na chupa ya chai alimfunika mtoto wake masikio.

"Nilimpa vile ulisema," mdogo wangu akajibu, kwa sauti ndogo. "Dada, nilimpa vile ulisema tu."

Daktari wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alitukuta hapo. Alikuwa na pakiti mbili mkononi: ile ya kliniki, na ile ya dukani iliyotoka katika kopo la majani ya chai. Alizigeuza zote mbili upande wa nyuma, akaweka kidole penye maandishi madogo, kwanza hapa, kisha hapa.

"Hii ya kliniki ina dawa mbili ndani," akasema. "Na moja kati ya hizo mbili ndiyo hii ya dukani. Jina ni lilelile. Amekuwa akimeza kitu kimoja kutoka pande mbili, na kwa wingi. Ikizidi hivyo inaharibu ini." Alitutazama mmoja baada ya mwingine, bila ukali. "Mlipopewa hii, hakuna aliyewaambia msichanganye?"

Nilisoma lile neno la kigeni, herufi kwa herufi, mara mbili. Parasetamoli. Mimi ninayesoma vibao barabarani, ninayesoma kadi za harusi nikitafuta makosa, sikuwa nimewahi kuigeuza pakiti ile. Na palepale nikamsikia mama, wazi kabisa, akisema iko hii ya homa.

Nilikuwa na jibu lote mdomoni na sikulitoa. Mdogo wangu ndiye aliyejibu, akiangalia sakafu.

"Mimi ndiye nilikuwa nampa," akasema.

Daktari alimgusa begani, akamwambia si yeye wa kwanza, akarudi ndani. Nami nikaliacha jambo likae hivyo. Nilijiambia si wakati wake. Nilijiambia mama apone kwanza.

Walimtundikia dawa ya kuokoa ini. Walisema imechelewa lakini wacha tujaribu. Siku moja alionekana kurudi kidogo, akamwuliza mdogo wangu kama ng'ombe wamekunywa. Kisha akazama tena. Siku ya nne asubuhi, wakati wa kubadilisha shuka, alifariki. Nilikuwa nje nikimpigia simu mwalimu mkuu kuomba siku zaidi. Mdogo wangu alikuwa amemshika mguu.

Tulimzika Sirisia karibu na baba. Watu walikuja kutoka Naitiri kwa ndugu zake na Kibabii kwa shemeji, na kwa kila aliyeuliza mama alikuwa na nini, tulisema ini. Mdogo wangu alipika siku zote tatu bila kukaa chini. Nilisikia shangazi mmoja akimwambia mwenzake kule jikoni kwamba binti alimzidishia dawa, maskini, hakusoma. Nilikuwa nimebeba sufuria ya maharagwe. Niliitua, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara moja, nikarudi.

Watu husema huzuni hupungua. Yangu ilipungua, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Nilirudi kufundisha. Naandika ubaoni, nacheka na wenzangu. Ila siku hizi mwanafunzi akianza kujibu kwa kuzunguka, akisema mwalimu, kwanza kuna hii, namwachia amalize, hata darasa likichoka, hata kengele ikilia. Wanadhani nimezeeka.

Na kila Jumapili nilimpigia mdogo wangu. Sikukosa hata moja. Namuuliza ng'ombe, namuuliza mvua, namuuliza amelalaje. Analala vizuri, ananiambia. Nilitosheka na hilo.

Mwaka huu, wakati wa likizo ya Aprili, nilikwenda Sirisia bila kumwarifu. Nilimkuta ameketi jikoni, shavu limevimba, amejifunga leso kutoka kidevuni hadi utosini. Alikuwa ametoka kung'olewa jino Bungoma jana yake. Hakuweza kufungua mdomo vizuri na machozi yalikuwa yanamtoka yenyewe. Juu ya meza palikuwa na pakiti ya vidonge alivyopewa huko, haijaguswa.

"Mbona hujameza?"

"Nitavumilia."

"Utavumilia nini, na umepewa dawa?"

Alitikisa kichwa polepole kwa sababu ya lile jino. "Mimi sigusi dawa, dada. Tangu siku hiyo. Hata mtoto wa jirani akiugua wakaniambia nishike kijiko, nakataa. Hii mkono yangu ilishaua mtu."

Alisema hivyo bila kulia, kwa namna mtu anavyotaja urefu wake. Aliunyoosha mkono wenyewe mbele yangu, mkono wa kukama ng'ombe, kana kwamba niuone mwenyewe.

Nilikaa kwenye kigoda. Nilimwambia. Sikulipamba jambo lile, maana miaka yote nilikuwa nimelipamba kichwani na halikutoka. Nilimwambia kwamba daktari wa kliniki alimuuliza mama, na mama akaanza kusema habari ya zile za homa, na mimi ndiye niliyemkatiza. Nilimwambia kwamba daktari alisema tupunguze mgongo ukipoa, na sikumwambia yeye. Nilimwambia alichotaka kufanya wiki ile ya pili kilikuwa sawa, na mimi ndiye niliyemzuia.

Maji ya chai yalichemka yakamwagikia moto, akainuka akaepua sufuria, akarudi akaketi.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Hospitalini. Daktari alipogeuza zile pakiti."

"Siku hiyo yenyewe? Nikiwa hapo?"

"Ukiwa hapo."

Alivuta ile pakiti kutoka mezani, akanipa. "Hii iko na nini ndani?"

Niliigeuza nikamsomea. Nilisoma kila kitu, hata mahali pa kuhifadhi, hata tarehe ya kuisha.

"Ni dawa moja tu?"

"Moja tu. Kidonge kimoja ukishakula, asubuhi na jioni. Unatumia kingine chochote? Cha kichwa, cha homa, chochote?"

"Situmii."

Alikunywa uji kidogo kwa upande mzima wa mdomo. Kisha akatoa kidonge kimoja, akakitazama kiganjani, akakimeza, akafunga macho mpaka kikashuka. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa. Alipofungua macho hakuniangalia mimi, aliangalia mlango.

"Kila Jumapili unanipigia," akasema, "unaniuliza nimelala aje."

"Ndiyo."

"Na mimi nakuambia nimelala vizuri. Nilikuwa nasema dada ako na uchungu ya mama, nisimwongezee."